Maji ya Moto Ngazini

Nyumbani kwetu mimi ndiye niliyehesabiwa kuwa mjuzi wa barafu, na sifa hiyo niliipata kirahisi mno. Wizara iliyoniajiri ilinipeleka Uskoti kwa mafunzo ya miezi mitano. Nikakaa huko msimu mmoja wa baridi, nikarudi Maskati na koti zito, picha moja niliyopigwa nimesimama katika theluji iliyonifika magotini, na hadithi ambazo kila nilipozisimulia zilizidi urefu. Mama alizipenda hadithi zile. Wageni wakija kwetu, mtaa wa Ghubra, kahawa haijapoa katika vikombe, yeye ameshaniambia, "Hebu waoneshe vile mlivyokuwa mkitembea kama bata." Nami nasimama katikati ya majlisi, sebule ya wageni, nawaonesha: unakita unyayo wote, hunyanyui kisigino, mikono nje ya mifuko, hatua fupi fupi. Watu wanacheka. Mama anacheka kuliko wote.

Kutembea kama bata nilijifunza kweli. Lakini barafu yenyewe, namna ya kuiondoa mlangoni, namna ya kuizuia isishike, sikujua lolote. Tulikuwa tunakaa katika hosteli. Kila asubuhi kabla hatujaamka alipita mzee mmoja aliyevaa koti la njano, akisukuma kigari kidogo kinachomwaga chumvi chafu ya rangi ya kutu, na sisi tulipotoka njia ilikuwa nyeusi, imelowa, salama. Nilimsalimia mara mbili tatu tu, sikuwahi kumuuliza kitu. Katika hadithi zangu za Ghubra mzee yule hakuwemo. Nilikuwa nikisema "tulipokuwa tukiondoa barafu", kana kwamba nami nilishika sepetu.

Mdogo wangu alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakinisikiliza. Tumepishana miaka tisa, na wasichana katika nyumba ni sisi wawili tu. Baba alifariki yeye yu mdogo. Tangu hapo alizoea kuja kwangu kabla ya kwenda kwa Mama: nguo ipi avae, somo gani achukue, amjibu nini fulani. Hata alipoposwa, jibu la kwanza alilitaka kwangu. Mposaji alikuwa daktari, mtu mpole, wazee wake wametoka Unguja kama wetu na yeye kakulia Mabela, hapa hapa Maskati. Nikamwambia mkubali, akamkubali, na hilo sijalijutia.

Mwaka wa pili wa ndoa yao mumewe alipata nafasi ya kwenda Kanada kusomea upasuaji. Wakapanga nyumba ndogo ya mbao, yenye ngazi sita kutoka mlango wa mbele mpaka njiani. Ngazi hizo nimeziona katika simu tu, lakini nazijua kuliko ngazi za nyumba yetu wenyewe.

Alipokaribia kujifungua mtoto wa kwanza, Mama akasema atakwenda. Alikuwa amepita miaka sitini, mzima, anapanda na kushuka ghorofa mbili kwa siku bila kutweta. "Mwanangu azae peke yake, mie nimekaa hapa nnatazama televisheni? Haiwi." Nikampeleka dukani kumtafutia viatu vya baridi. Alivivaa, akatembea hatua tatu za bata kati ya rafu za duka, akacheka mpaka machozi. Kisha akavivua. "Miguu yangu haijapata kufungwa kamba," alisema. Tulivinunua hata hivyo. Katika sanduku akatia pilipili manga ya uji, mafuta ya nazi, ubani, kanga sita za kumfunga mzazi tumbo, na chini kabisa, nilipokwenda kufungua mlango, akatia ndara zake za ngozi.

Mtoto akazaliwa salama, wa kike. Kwa wiki tatu Mama alimkanda mdogo wangu kwa maji ya moto asubuhi na jioni, akampikia, akamwogesha mtoto. Kila siku nilitumiwa picha. Mama alikuwa amejifunika sweta mbili, anacheka.

Simu ya mdogo wangu ilinikuta kwa fundi cherehani, saa kumi alasiri. Kulikuwa na harusi ya jamaa mwisho wa wiki, na nguo yangu ilikuwa imebana makwapani. Fundi alikuwa na pini mdomoni, mimi nimenyanyua mkono mmoja juu, simu nimeibana begani. Kule kwao ilikuwa saa moja asubuhi.

"Dada, una nafasi?"

"Sema."

"Usiku kucha imenyesha mvua, na kila ikianguka inaganda. Ngazi zote zimeshika barafu. Mume wangu kenda kazini, kashuka kwa kukaa kitako, ngazi moja moja kama mtoto. Chumvi imetwishia, na gari siwezi kuitoa. Nifanye nini?"

"Chemsha maji, umwage," nikasema.

"Maji ya moto?"

"Barafu kwa maji ya moto, sasa itabaki nini?"

Nyuma yake nilimsikia mtoto akilia na Mama akimbembeleza. "Hayatoganda tena, dada? Maana huku ni baridi kweli kweli."

Hapo ndipo ningesema sijui. Ningemwambia amuulize jirani. Ningemwambia, mlango wa mbele ufunge kwa ufunguo, leo asitoke mtu. Lakini fundi alinigusa ubavuni nisitikisike, na mimi nilikuwa nimezoea kuwa ninayejua. Nikamjibu, na sauti yangu naisikia mpaka leo, "Mimi nimekaa huko, bibi. Mwaga maji, fagia, basi."

"Haya, dada. Ahsante."

Nikakata simu, nikamwambia fundi aongeze nafasi kidogo kwenye kwapa la kulia.

Baada ya sala ya Isha siku ile ile, shemeji yangu akanipigia. Alikuwa na sauti ile ya madaktari, tulivu, kila neno limepimwa. Mama ameanguka. Mfupa wa nyonga umevunjika. Yuko hospitali, atafanyiwa upasuaji na kutiwa chuma. Hali yake nyingine ni nzuri, tumwombee dua. Nilikaa juu ya kitanda. Kabla sijamuuliza kaangukia wapi nilikuwa nimeshajua.

Mambo yalivyokwenda nilielezwa na mdogo wangu siku ya pili. Alichemsha mabirika matatu, akamwaga ngazi hadi ngazi. Barafu ikalegea, ikatiririka, mbao zikaonekana. Akafurahi. Akafagia kama nilivyomwambia, akarudi ndani kumnyonyesha mtoto. Maji yaliyobaki katika mbao yakaganda upya. Na barafu ya kwanza ilikuwa nyeupe, ina makunyanzi, yeyote angeiona akaiogopa. Hii ya pili ilikuwa laini, nyembamba, haina rangi, imelala juu ya mbao kama haipo.

Na jua likatoka. Mama ni mtu wa Unguja aliyezeekea Maskati. Kwake yeye jua likitoka, nguo za mtoto zianikwe. Hakujua jua linaloweza kuwaka bila ya kupasha moto kitu. Alijaza beseni, akavaa ndara zake, akafungua mlango. Hakufika ngazi ya pili. Mdogo wangu alisikia beseni likigonga chini, kisha hakusikia kitu, na kimya kile, alisema, ndicho kilichomtoa mbio na mtoto angali kifuani.

"Maji yaliganda, dada," aliniambia.

"Nimeshajua."

"Wameniuliza hospitali. Mume wangu naye kaniuliza. Nimesema nimemwaga mimi."

Nikamuuliza swali ambalo nalionea haya kuliko yote niliyoyafanya. "Umewaambia nani aliyekwambia?"

"La," alisema. "Nimeona utasema mwenyewe."

"Nitasema. Mama apate nafuu kwanza, tusimtie mawazo."

"Inshallah," alisema mdogo wangu.

Mama alirudi Maskati baada ya miezi miwili, amekaa katika kiti cha magurudumu, kanga imemfunika miguu. Alikuwa amepungua. Watu walikuja kumpa pole, makundi kwa makundi, na kila kundi lilitaka khabari. Nilikaa pale pale, namimina kahawa, nikaisikia hadithi ikikua. Mwanzoni Mama alikuwa akisema, "Nliteleza tu, ndivyo nlivyoandikiwa." Baada ya wiki mbili za maumivu na usingizi mbaya ikawa, "Mwanangu alimwaga maji ngazini, na baridi ile." Khalati yetu, ndugu yake Mama, akaikamilisha: "Wasichana wa siku hizi vitabu wamesoma, maji hawayajui. Mtu anamwaga maji penye barafu, akili ziko wapi?" Wakatikisa vichwa. Mmoja akanigeukia mimi. "Wewe uliyekaa huko ungekuwepo, hayangetokea haya."

Nikasema, "Alhamdulillahi, kapona."

Siku ya kwanza nilinyamaza kwa sababu ya wageni. Siku ya pili kwa sababu Mama alikuwa na maumivu. Baada ya hapo sikutafuta tena sababu. Kunyamaza nako mtu huzoea, kama anavyozoea kiatu kinachobana.

Mwezi mmoja baadaye mdogo wangu aliniandikia: "Umeshasema?" Nikamjibu: "Bado, namsubiri atembee." Mwezi uliofuata akaniandikia tena neno hilo hilo moja. Nilimtumia picha ya Mama akishikilia fremu ya kutembelea, hatua zake za kwanza kutoka chumbani mpaka barazani. Akajibu kwa alama ya moyo. Hakuniuliza tena.

Mama alitembea, lakini hakurudi kuwa yule. Fremu ikawa mkongojo, mkongojo ukabaki. Ngazi za juu hakuzipanda tena. Tulimhamishia chumba cha chini. Kwa mdogo wangu hakuwa na ugomvi wa maneno, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikuwa akiitika simu yake, anamuuliza mtoto hajambo, mume hajambo, kisha ananipa simu mimi. "Zungumza na dada yako." Wao waliokuwa wakizungumza mpaka betri inakwisha sasa walimaliza kwa dakika mbili.

Kisha mdogo wangu akapata mimba ya pili. Alimpigia Mama alasiri moja. Mimi nilikuwa nimekaa chini, mguu wa Mama nimeuweka pajani, namkata kucha kwa sababu yeye hawezi tena kuinama. Daktari wake alikuwa amesema anaweza kusafiri akisaidiwa. Shemeji alikuwa tayari kuja kumchukua. Nilisikia sauti ya mdogo wangu ikitoka katika simu, ndogo, inabembeleza: "Mama, njoo. Hutotoka nje hata siku moja. Nakuahidi."

"Nlikwenda mara moja," Mama akasema, "na nnaona jinsi nlivyorudi. Mwanangu, Mungu akuzalishe salama. Mie siji."

Mkasi ulikuwa mkononi mwangu. Ilikuwa sentensi moja tu, na mtu wa kuambiwa alikuwa mbele yangu, mguu wake umelala juu ya paja langu. Nikakata kucha iliyofuata.

Ningeweza kwenda mimi badala yake. Nilisema kazi nyingi, na kazi zilikuwepo kweli, lakini ukweli ni kuwa nilizikhofu zile ngazi sita na mtu ambaye angenifungulia mlango juu yake. Basi akajifungua bila ya mtu wa kwao. Mtoto wa kiume. Aliyemsaidia alikuwa jirani, bibi mmoja wa kule, mjane, aliyekuwa akimletea supu na kumchukua mtoto mkubwa wakati wa asubuhi. Siku arubaini nzima mdogo wangu alijikanda mwenyewe, kwa kitambaa na beseni, mgongo asioufikia ameuacha.

Bibi yule ndiye aliyemfundisha barafu. Nimejua hivyo kwa sababu ya video aliyoituma mdogo wangu katika kundi la familia majira ya baridi ya mwaka ule. Amevaa koti mpaka magotini, viatu vyenye meno chini yake, anaeleza taratibu kama mwalimu. Theluji inafagiliwa mapema, kabla haijakanyagwa, maana ikikanyagwa ndiyo inakuwa barafu. Chumvi inatiwa jioni, kabla ya baridi ya usiku kushika, si kusubiri asubuhi. Chumvi haifai tena baridi ikizidi mno, na hapo unatia mchanga, mguu upate pa kushika. Ndoo mbili zimekaa ndani ya mlango, moja ya chumvi, moja ya mchanga, zisiishe hata siku moja. Reli ya mkono wameitia mpya, pande zote mbili. "Na maji msimwage kabisa," alisema mwishoni, akatazama pembeni. "Hata yakiwa ya moto. Hasa yakiwa ya moto."

Katika kundi watu wawili watatu waliweka dole gumba. Mama aliitazama video katika simu yangu mpaka mwisho, akanirudishia. "Sasa ndo keshajua," akasema.

Mama alikuwa na mwanamke aliyemsaidia nyumbani, makamo yangu, Mkristo kutoka Singida, mtu wa kazi na wa maneno ya wazi. Siku moja mchana alikuwa akimpaka Mama mafuta nyongani, na Mama akawa anamsimulia habari ya ngazi, kama alivyomsimulia kila aliyemgusa nyonga ile. Mimi nilikuwa nakunja nguo. Yule dada alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake haikusimama.

"Pole sana, bibi. Lakini samahani, naomba kuuliza. Huyo dada mdogo si alikuwa mgeni wa baridi? Nani alimwambia amwage maji ya moto?"

Mama akafikiri. Katika miaka ile yote hakuna aliyewahi kuuliza swali hilo, wala yeye mwenyewe. Alinigeukia. "Ee, kweli. Nani aliyemwambia?"

"Sijui," nikasema.

Mpaka siku ile nilikuwa nimenyamaza tu. Siku ile nilisema uongo, kwa neno lile lile ambalo lingetuokoa sote kama ningelitamka nikiwa kwa fundi cherehani. Yule dada wa Singida alinitazama mara moja, akaendelea kupaka mafuta. Nadhani alijua. Tangu siku hiyo aliacha kuniita "dada", akawa ananiita "madam".

Mwaka jana, Maskati ikiwa imeanza kupoa na watu wametoa viti vyao nje, mdogo wangu alikuja na watoto wake wawili kwa wiki tatu. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu aondoke. Alimbusu Mama kichwani na mikononi. Mama akamkaribisha kama anavyokaribishwa mtu wa heshima: akaulizwa safari, akaulizwa afya, akaletewa kahawa na halua. Mtoto mkubwa alijificha nyuma ya mama yake. Mdogo, yule wa mimba ya pili, alimtazama bibi yake kwa muda, kisha akauliza kwa Kiingereza huyu ni nani. Mama hajui Kiingereza, hakuelewa. Mimi nilielewa.

Siku ya nne khalati alikuja na wanawe. Hadithi ikasimuliwa, safari hii aliyemwaga maji akiwepo, anapitisha sahani ya sambusa. "Si huyu hapa!" khalati alisema akicheka, hakuwa na ubaya. "Mpika barafu!" Wote wakacheka kidogo. Mdogo wangu naye akatabasamu, akampa khalati sahani, akaenda jikoni. Sikumfuata. Nilijiambia nitasema wakishaondoka. Wakaondoka, sikusema.

Siku ya pili yake alikuwa na karatasi za kupigwa mhuri katika ofisi moja ya serikali, nikampeleka kwa gari. Ofisi ilikuwa na foleni, tukarudi kungoja ndani ya gari, madirisha tumeyafungua. Yeye alikuwa akitazama simu yake. Nikasema, "Nisamehe."

Hakuuliza kwa lipi. Aliiweka simu pajani.

"Nilikungoja mwaka mzima," alisema. "Kila nikimpigia Mama, najiambia, leo labda keshaambiwa, leo sauti itakuwa nyingine. Kisha nikajifungua huyu wa pili, nikaacha kungoja. Nilikuwa sina nguvu za kungoja na kunyonyesha."

"Kwa nini hukusema wewe?"

"Nimseme dada yangu kwa mama yangu?" Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama nimemuuliza kitu kisichoulizika. "Na maji nilimwaga kwa mkono wangu, dada. Hilo sikusingiziwa. Nililolitaka ni moja tu, nisiwe peke yangu ndani yake."

Nikasema, "Nitamwambia leo."

"Mwambie kwa ajili ya nafsi yako," alisema. "Mimi nshazoea." Akafungua mlango wa gari, akaenda kutazama foleni imefika wapi.

Nilimwambia Mama baada ya sala ya Alasiri, yu barazani na tasbihi yake. Nilikaa chini, si kwenye kiti.

"Mama, nna jambo. Yale maji ya moto, mimi ndiye niliyemwambia ayamwage."

Hakunielewa. "Maji gani?"

"Ya ngazini, kule Kanada. Alinipigia simu asubuhi ile akaniuliza afanye nini. Nikamwambia achemshe maji. Akaniuliza kama hayatoganda, nikamwambia mimi nimekaa huko, mimi najua. Na sikuwa najua, Mama. Sikuwahi kuondoa barafu hata siku moja."

Tasbihi ilisimama. Mimi nilikuwa nangoja anitukane. Badala yake akauliza, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka zamani.

"Siku nlipomkatalia kwenda kumkanda. We ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Umekaa wapi?"

"Miguuni pako. Nilikuwa nakukata kucha."

Akafumba macho. "Kuanguka nliandikiwa," alisema. "Na kukosea, kila mtu hukosea. Hilo nshakusamehe. Lakini umeniwacha nimdhulumu mwanangu, na we unanitazama." Akanyoosha mkono. "Nipe mkongojo."

Nilitaka kumsaidia kusimama, akaukataa mkono wangu. Akaenda mwenyewe mpaka jikoni, hatua kwa hatua, nami nyuma yake. Mdogo wangu alikuwa akikanda unga wa chapati. Mama alisimama mlangoni, akashika fremu ya mlango.

"Mwanangu, niwie radhi."

Mdogo wangu alimtazama yeye, akanitazama mimi, akaelewa. Mikono yake ilikuwa na unga mpaka vifundoni. "Yamekwisha, Mama," alisema.

"Hayajesha. Umezaa mtoto mzima nikakuacha ujikande mwenyewe."

Hapo ndipo uso wa mdogo wangu ulipovunjika. Alimkumbatia Mama na mikono ile ile yenye unga, unga ukabaki mgongoni mwa nguo nyeusi ya Mama, alama za vidole kumi. Niliona pale hapana nafasi yangu. Nikawachukua watoto, nikatoka nao nje.

Kwa khalati nilikwenda mwenyewe, nikamweleza. Aliona haya kuliko nilivyotarajia. Wengine niliwaandikia katika kundi, maneno machache, bila ya kujipamba. Aliyekuwa akifanya mzaha hakuurudia tena, na mimi sijaombwa tena kuonesha mwendo wa bata.

Siku zilizobaki Mama na mdogo wangu walikuwa pamoja asubuhi mpaka jioni. Mama alimwita kijana mdogo akae pajani, upande wa mguu mzima, na kufika wiki ya tatu mtoto akawa anajua kusema "bibi". Na mimi Mama alinisemesha ya lazima tu: chai, dawa, mlango. Baada ya kama mwezi alianza kunisemesha kama zamani, au karibu na zamani. Sasa hivi wao wawili huzungumza kwa simu kila siku, mlango wa chumba umefungwa, na mimi napita nje nasikia kicheko.

Mdogo wangu ana mimba ya tatu. Atajifungua baridi hii. Mama hawezi tena safari ndefu, nyonga ya pili nayo imeanza kumsumbua. Niliposikia, nikaenda kwa mkuu wangu wa kazi kuomba likizo ya miezi miwili, na nikaipata. Nikampigia mdogo wangu kumpa khabari. Nilimwambia nitakuja kumkanda, nitapika, nitaangalia watoto, usiku nitaamka mimi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Ahsante sana, dada. Usijisumbue. Jirani yangu keshaahidi, na watoto wamemzoea."

Nikasema sawa. Tukaulizana hali, tukaagana. Sijairudisha ile likizo. Karatasi ipo mezani kwangu, imetiwa saini, na kila siku nasema nitampigia tena.